Ni, Ulikuwa

Ugomvi ulianzia kwenye neno moja.
"Mfongo ni mfereji wa kienyeji," aliandika Ndeshukurwa wa Uru,
"unaoshusha maji ya mlima hadi migombani."
Usiku huohuo Aikaeli wa Mbokomu,
au anayesema yuko Mbokomu, maana hatujawahi kuonana,
akafuta "ni", akaweka "ulikuwa".

Asubuhi: ni.
Jua la utosi: ulikuwa.
Masika yalishuka yakaisha,
mahindi ya Kahe yakabeba, yakavunwa,
sisi bado tunavutana mkia wa sentensi.

Kamusi elezo hii ni ya bure,
kila mwenye bando anaingia na jembe lake.
Tuliianza watano, Kiborloni, juu ya duka la vipuri,
kwa kompyuta ambayo kitufe chake cha M kilikuwa kinagoma.
Ndiyo maana kurasa za kale zinasema "lima" pale penye mlima,
na wapo wanaoapa kwamba kosa lile ni urithi,
lisiguswe.

Tukaiita Kamusi ya Mlima.
Kisha akaja Namsifu,
wa Pasua kwa kupanga, wa Ugweno kwa kuzaliwa,
akauliza kwa upole wa wembe mpya:
"Na sisi tunaoutazama huo mlima kutoka chini,
mtatuweka wapi? Kwenye tanbihi?"
Wakaja vijana wa Njia Panda, wanaoandika "xaxa" bila haya.
Akaja mmoja aliyejiita Kisusio,
hasemi neno, hugusa mikato tu,
akimaliza hutoweka.

Nyuma ya kila makala pana uani.
Huko ndiko tulikovuana nguo.
"Wewe wa kuja."
"Wewe ulihama zamani, unakumbuka tu, huoni."
"Kanuni ya nne inakataza."
"Kanuni ya nne uliiandika mwenyewe, saa nane za usiku,
na saa tunaiona."

Tukapiga kura kuhusu jina. Tisa kwa nane.
Wale wanane wakadai wawili kati ya tisa
ni mtu mmoja mwenye simu mbili.
Ndeshukurwa akaandika: Nimestaafu. Kwaherini. Msinitafute.
Hatukumtafuta.
Siku ya nne akarudi kimyakimya
kusahihisha mwaka wa stesheni ya reli.

Mimi, mwamuzi nisiye na filimbi,
nikapanda Mbokomu kwa miguu kutafuta picha ya ushahidi.
Mfongo niliukuta.
Kingo zimeota gugu, tumbo limekauka,
na ndani ya tumbo limelala bomba jeusi la plastiki.
Lakini penye kiungio bomba lilikuwa linavuja,
na yale maji yaliyovuja yalikuwa yameshika njia yao ya zamani,
hatua kumi hivi,
kabla udongo haujayanywa.

Mwanamke mmoja alikuwa anazoa majani kwa jembe,
kandambili zake kazipanga ukingoni.
Nikamuuliza: "Samahani, dada, huu ni mfongo, au ulikuwa?"
Akanitazama kama niliyemuuliza kama mamaye ni wa kike.
"Maji hupita Alhamisi," akasema.
"Kama hukuja na jembe, nipishe."

Nikashuka na ile "hu" yake mdomoni, kama kokwa.
Hu. Haina mimi, haina wewe, haina wao.
Haiulizi ulizaliwa kata gani.
Haina jana, na kesho haiijui,
ina Alhamisi tu.

Nikafuta "ni". Nikafuta "ulikuwa".
Nikaandika: Mfongo hupitisha maji.
Nikahifadhi. Nikabandika chai jikoni
nikiwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyepatanisha mbuzi na mchicha.

Chai haijachemka, simu ikalia.
Kisusio alikuwa ameongeza mkato, mahali pasipohitaji mkato.
Na chini yake Aikaeli,
maneno matatu,
bila salamu:

Chanzo kiko wapi?