Behewa la Reli ya Pembeni

Nilisaini mimi. Kalamu ya bluu,
saa kumi na moja alfajiri,
fomu ya vyuma chakavu, stesheni ya Tabora.
Sikuingia ndani kutazama.

Miaka tisa lilikaa pale, nyasi hadi kwenye ekseli,
mbuzi wa Cheyo wakizalia humo.
Kisha akaja Nyanzala binti Lugembe
na makopo ya rangi na vijana watatu, mmoja bubu.
Wakaning'iniza darini magome ya mizinga mikongwe,
arobaini, hamsini, sikuhesabu,
kila gome na kipande cha chupa tumboni.
Upepo ukipita, behewa linavuma
kama nyuki waliosahau kuhama.

Ukutani mwanamke anapanga majani ya tumbaku,
mikono myeusi hadi viwikoni.
"Huyo Kashindye wa Isevya," akasema mmoja.
"Kashindye wapi! Huyo mama yangu."
Wakabishana mpaka taa za stesheni zikawaka.

Injini ililivuta taratibu.
Nikazisikia chupa zote zikigongana,
nami, mjinga,
nikapeperusha bendera ya kijani.

Nyanzala hakulia. Aliuliza tu,
"Linapita wapi?"
Igalula, nikamwambia. Goweko. Malongwe. Itigi.
Manyoni litalala siku mbili.
Halafu tanuri, Dar.
Akahesabu kwa vidole vyenye rangi.
"Milango uliifunga?"
Haifungiki ile, imeshika kutu.
"Basi wataona."

Akageukia behewa la jirani, lisilo na paa.
"Na hili, lina karatasi?"

Nikakirudisha kifuniko cha kalamu.