Zamu ya Maji, Mudhairib

Pasi yangu imevimba.
Tibilisi, Baku, Phuket mara mbili;
Istanbuli naikumbuka kwa viatu nilivyonunua.
Siku hizi hata mhuri hawagongi:
uwanjani Maskati mashine inanikodolea,
inanitambua, lango linafunguka,
wala hapana mtu wa kuniuliza,
"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Mwaka huu safari ilivunjika.
Ujumbe ukaingia simuni saa kumi alfajiri:
tunasikitika, fedha zako zitarejeshwa.
Begi limesimama mlangoni
kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Mama hakuinua macho, anachagua mchele.
"Basi nenda Mudhairib, katazame mitende ya babu yako.
Mwendo wa saa mbili tu.
Tangu uzaliwe kule umekwenda mazikoni."

Jumamosi nikaenda.
Milima imekunjana
kama risiti iliyosahaulika mfukoni.
Ibra nikanunua sambusa, zimepoa.
Simu ikaniongoza hadi penye kuta za udongo;
hapo njia ikawa nyembamba,
simu ikanyamaza.

Mitende kumi na miwili
na mtu mmoja, magoti yamezama falajini,
anaziba maji kwa jiwe na tambara.
Mofizul. Wa Sileti. Miaka kumi na moja yupo hapa.
Kiarabu chake cha kuokoteza, changu cha darasani,
tukakutana katikati.

"Huu khunaizi. Ule khalasi.
Na huu, babu yako kaupanda
mwaka aliorudi kutoka Pemba.
Hauzai sana. Mama yako kasema usikatwe."

Mama yangu kasema.
Kumbe wanapigiana simu.

Maji yetu ni nusu saa, kila siku ya nane.
Nusu saa!
Nimewahi kupanga foleni zaidi ya hiyo
kungoja lifti ya mnara,
nikauona mji wa watu kwa dakika tano.
Nikavua viatu, nikatia miguu majini.
Visamaki vikaja kunidonoa vidole.
Phuket nililipia kazi hii hii,
na samaki wenyewe walikuwa wamechoka.

Maji yakaja kama mwenye nyumba,
hayakuuliza njia:
yakapita kwa khunaizi, yakauzunguka khalasi,
yakafika kwenye mtende wa Pemba, yakakawia.

"Na wewe," nikamuuliza, "kwenu umekwenda lini?"
Akainua vidole sita, havikuwa vya miezi.
Kisha akauliza kama nimewahi kufika Sileti.

Labda nimepita juu yake, usiku,
naelekea Bangkok, pazia la dirisha nimelishusha.
"Bado," nikasema.

Akang'oa jiwe, akakamua tambara.
Maji yakaenda kwa jirani.

Nikarudi Maskati na tende kwenye mfuko wa nailoni,
tope kwenye kucha.
Begi liko pale pale mlangoni.
"Haya, umeona nini?" Mama akauliza.
Nikamwambia, nipe namba ya Mofizul.
Zamu yetu tena Jumapili.