Safu ya Nne

Groningen, Februari. Theluji chafu dirishani.
Sjoukje anajumlisha: barua kwa kila kaya, stempu,
matangazo ya redio. Upande wa pili, mashine ya kusafisha damu:
mara tatu kwa wiki, miaka saba, mgonjwa mmoja.
Figo moja inalipa barua za mtaa mzima,
na bado chenji inabaki.

Safu ya nne: muuguzi azungumzaye na wafiwa.
Dakika arobaini, wamekadiria wizarani.

Anasita. Usiku ule wa Wiebe, kaka yake,
muuguzi aliketi na mama, viatu kavua,
hakutaja figo mpaka kahawa ilipopoa mara mbili.
Mama akasema ndiyo kumeshakucha.

Sjoukje anafuta arobaini.
Anaandika mia tatu,
na hesabu bado inakubali.