Vali ya Pili

Usinikimbize, Msellem. Harusi ni ya laasiri,
na muadhini wa Kikwajuni ndiyo kwanza anaijaribu spika.
Nimetandika gazeti, juu ya gazeti leso kuukuu,
juu ya leso tarumbeta lako limelala ubavu.

Vali ya kwanza imetoka kwa hiari yake.
Ya tatu nayo haikunipa taabu.
Ya pili, hii ya kidole cha kati,
imeng'ang'ania nyumbani
kama mpangaji anayedaiwa miezi sita.

Nani kakwambia utie mafuta ya nazi?
Mafuta ya nazi ni ya nywele.
Kipupwe huganda, joto likirudi hunata,
na chumvi ya mji huu haingoji kualikwa.
Ndiyo maana kule Jang'ombe, mlangoni kwa bi harusi,
kidole kilizama, vali haikurudi,
ukabaki na sauti moja, moja tu,
ndefu kama foleni ya maji,
hata mbuzi wa watu akakuitikia.
Walicheka. Na mimi nilicheka.
Nisamehe, lakini si sana.

Maji vuguvugu. Sabuni ya kipande.
Kijiti chenye melimeli, polepole, bila kusugua.
(Sharwani alisugua kwa mchanga;
mpaka leo baragumu lake linavuja pumzi.)
Kinachotoka ni cheusi, kisha kijani cha kutu.
Halafu ule mrija mdogo wa pembeni,
ambao hujauvuta tangu ulipokabidhiwa,
umekubali, *pwa*,
na kitambaa kimetoka na wekundu.

Wewe hutafuni tambuu.

Nimekaa.
Charahani ya mama chumbani imekata uzi,
imeanza tena.

Mafuta yake ndiyo haya: mepesi, hayana harufu.
Matone matatu, usizidishe.
Tazama ubavuni: mbili, imechorwa kwa msumari,
mkia umepinda kama alivyozoea kuuandika.
Kila vali na nyumba yake. Ukizichanganya
utapuliza mpaka mishipa ya shingo ikutoke,
litakunyima hata mlio wa chura.
Izungushe mpaka uisikie ikikaa: *tk*.

Bonyeza. Inashuka. Inapanda.
Bonyeza tena, kwa kuwa ni raha.

Haya, lichukue. Ukila biriani kwa watu
nawa kabla hujalishika.
Kitambaa?
Kitambaa niachie.