Kahawia

Bandarini Mkoani, saa moja asubuhi,
askari aligonga kiboksi changu kwa kidole:
"Pweza?"
Nikasema si pweza. Nikasema ni majani.
"Majani gani yanayosafiri kwa barafu?"

Ya mkarafuu.
Hapo ndipo tulipopotezana kabisa,
maana Pemba hii hata mtoto wa chuoni anajua
karafuu haivuki maji kwa mlango wa nyuma.
Nikatoa barua: muhuri wa wizara, muhuri wa chuo,
saini ya msimamizi kama mchirizi wa chai.
Akaisoma yote, mpaka tarehe.
"Uzamili wa bioteknolojia," akatamka polepole,
kama anayeonja mchuzi wa nyumba ngeni.
"Basi ukishajua kinachoiua, utatwambia?"
Meli ikapiga honi. Sikumjibu.

Sampuli ya arubaini na moja.
Imetoka Mtambwe, shamba la shangazi yangu Bi Sichana,
kwenye mti unaokauka kuanzia kileleni.
Aliniuliza kwa nini nachuma majani
na wenye akili zao wanachuma karafuu.
Akacheka, akanishikia ngazi.
Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka mikononi mwake,
pishi kwa pishi, makonyo yamechambuliwa usiku,
kucha zimeiva mafuta.

Tunguu, maabara, ghorofa ya pili.
Nasaga jani kwenye kinu cha kauri
kisichozidi kikombe cha kahawa.
Miaka yote hii ya kusoma
imenirudisha kwenye kutwanga.
Namimina dawa ya moto, nyuzi sitini na tano,
napindua kichupa, napindua tena, bila pupa.
Mashine inazunguka. Nangoja.
Kitabu kinasema vinasaba vitajitokeza vyeupe,
uzi wa pamba ndani ya spiriti.

Vyangu kahawia.
Kahawia jana. Kahawia mwezi mzima wa Rajabu.
Kahawia siku umeme ulipokatika
nikakimbia na friza nzima mikononi
kuomba barafu kwa muuza juisi wa njia kuu,
naye akanipimia kwa bakuli, akanidai mia tano.

Dakta Shaame anasema ni mafuta,
ni ule ukali unaoifanya karafuu iwe karafuu:
umeng'ang'ania vinasaba, hautaki talaka.
"Mti huu," anasema, "hauzungumzi na wageni."
Mimi si mgeni, nataka kumwambia.
Mimi nimelala juu ya jamvi lake,
nimeamka na alama za mpeta shavuni.
Nasema, "Ndiyo, Dakta," naosha vichupa.

Ilinijia nikiwa natia udhu, si kwenye kitabu.
Utotoni tulikuwa tukitafuna majani ya mkarafuu
kushindana nani atatoa machozi mwanzo.
Hamad alikuwa hatoi.
Na yale mekundu ya ncha, yaliyozaliwa juzi,
walipewa wadogo,
kwa sababu hayaumi.

Hayaumi.
Nikasali haraka kuliko inavyofaa.

Nilikuwa nayo matatu tu, yamejificha
chini ya majani makubwa ya Konde.
Nikayasaga. Nikaosha kwa chumvi, nikaosha tena.
Usiku, chini ya taa ya zambarau,
jeli ikanionyesha mistari:
wa kwanza hakuna,
wa pili hakuna,
wa tatu upo. Hafifu, umepinda kidogo,
kama uliochorwa na mtoto aliyesinzia.
Nikamwita Raya wa usafi aje kutazama.
Akatazama sana. "Ndo huu?" akasema.
Ndo huu.

Kwa hiyo arubaini na moja zimekwenda bure,
na ruzuku imebaki ya safari mbili,
na mti wa Bi Sichana umeshuka tawi jengine.
Nimerudi Mkoani na kiboksi kilekile.
Askari yuleyule.
"Bado?"
"Bado. Ila sasa ni vyeupe."
Akatikisa kichwa kama anayejua ni nini,
akanipisha.