Sindano Mbili

Mpiga picha wa Barabara ya Digo aliniambia,
"Bi Mwanaidi, inua kidevu, legeza uso, usikasirike."
Sikuwa nimekasirika.
Picha ya pasipoti haijui kubembeleza:
baina ya nyusi zangu mistari miwili imesimama
kama alama za mtajo zilizofunguliwa, na maneno hayapo,
na shavu la kushoto limebonyea kidogo
kama mto uliolaliwa, ukasahauliwa kukung'utwa.
Miaka thelathini na tisa.

Shufaa, niliyemshonea gauni la harusi mara mbili
(mume wa kwanza, mume wa pili, kiuno kile kile),
ndiye aliyenipa namba. "Nyali, orofa ya tatu.
Hakuna atakayekuona; lifti iko nyuma."
Nikavuka daraja na pesa za vitambaa vya Idi mkobani.

Daktari Yumna ana vidole vya mtu ajuaye kitambaa.
Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye taa,
akatwaa penseli nyeupe, akaanza kunichora:
hapa, na hapa, mshazari mpaka hapa.
Nilitaka kucheka. Si ndiyo chaki yangu hiyo?
Hivyo ndivyo ninavyowachora watu pale Bondeni,
pini mdomoni, nikiwakataza wasitikisike.

"Huku juu," alisema, "ni misuli inayokaza.
Botoksi huilegeza miezi mitatu, minne, kisha hurudi kazini.
Hapa shavuni mafuta ya ndani yamepungua, ngozi imebaki pana.
Kuna fila, jeli inayoinua kwa ndani,
mwaka hivi, hutegemea mwili wa mtu.
Na kuna njia ya polepole: krimu ya usiku,
na ya kukinga jua kila asubuhi, hata mawingu yakitanda."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Kulegeza mshono. Kutia sponji.
Au kuanika nguo kivulini isichuje.
Sponji yake ilikuwa bei ya majora mawili ya hariri.

Nikamwuliza: mtu akishatiwa, atacheka kama yeye?
"Nikimtia kidogo, ndiyo. Nikimtia nyingi,
atacheka kama jirani yake."
Hapo nikampenda.

Akanipa karatasi ya idhini niisome, nitie sahihi.
Niliisogeza mbali. Nikaileta karibu. Nikakunja uso.
Akaweka kalamu chini.
"Tangu lini?"
"Tangu lini nini?"
"Uzi unautunga vipi kwenye sindano?"

Sikumjibu. Binti yangu hunitungia, sindano kumi
kila alfajiri kabla ya shule, akazichomeka kwenye kimto.
Zikiisha napigana nazo dirishani,
jicho moja nimelifumba, ulimi nimeuuma,
uzi unapita kando ya tundu
kama mdaiwa anikwepaye sokoni.

"Nikikulegeza leo, kesho utaukunja tena," alisema.
"Anza kwa daktari wa macho."
Akanitoza ada ya kumwona, basi.

Miwani niliipata karibu na Posta, fremu ya kahawia.
Usiku ule nilitunga uzi mara moja.
Nikauchomoa. Nikautunga tena, kwa raha zangu.
Kisha nikasimama mbele ya kioo cha wateja,
kile ambacho mbele yake nimewaapia wengi kuwa wamependeza,
na Mola wangu!
Kumbe si mistari miwili.
Kuna mingine, midogo, pembeni mwa macho,
mingine juu ya mdomo, pale nibanapo pini,
mshono wa mkono mwepesi kuliko wangu.

Sijaamua. Shufaa akiuliza namwambia sijaamua.
Krimu ya jua naipaka, hunitoa machozi nikitoka jasho.
Kadi ya Daktari Yumna imo ndani ya kopo la vifungo,
pamoja na vile visivyo na jozi, nisivyovitupa
kwa kuwa siku moja huja nguo.