Kifurushi

Nilimwambia Nsajigwa, pale kibandani kwake
Mtoni kwa Azizi Ali, chini ya dishi lenye kutu:
nataka moja tu, kijana wangu.
Ile ya tamthilia, saa mbili usiku,
wale wanaogombea shamba la zeituni,
Kiswahili chao kinafika
midomo ikiwa imeshafungwa.
Moja. Nitalipia hiyo moja.

Akacheka, kwa adabu.
Mama, haziuzwi rejareja.
Elfu ishirini na tatu, unapata themanini na mbili.

Themanini na mbili!
Mimi nina macho mawili, na moja lina mtoto wa jicho.
Kuna ya gofu. Kuna ya bei za hisa,
namba zinatambaa chini kama siafu.
Kuna mhubiri anayelia kwa Kireno.
Kuna mzungu mwenye ndevu, kutwa anakata miti kwenye theluji
na sijamwona akijenga hata banda la kuku.
Hawa wote nawalisha mimi, kwa cherehani moja.

Nikamwambia: sokoni Tandika
nikitaka kitunguu kimoja, nauziwa kimoja.
Mafuta ya kupima. Sukari robo.
Sabuni kipande, dawa ya mbu koili moja,
umeme wa elfu mbili, ukikatika tunalala.
Mji huu mzima unauzwa kwa kijiko,
wewe unanitwisha gunia?

Mama, sipangi mimi.
Ndivyo wasemavyo.
Aliyepanga hajawahi kuonekana kibandani.

Nikatuma hela kwa simu. Ningefanyaje,
na nyumbani kioo kimegeuka buluu tangu Ijumaa,
kinatutangazia deni letu mbele ya wageni.

Njiani, nikiruka madimbwi, kicheko kikanitoka.
Mwaka nilioolewa, nami nilichagua mmoja:
Pazi, fundi redio, mwanya wa juu,
aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye saketi
kama anayepoza uji wa mtoto.
Huyo tu.
Nikaletewa na mama yake.
Nikaletewa mawifi watatu na midomo yao,
shangazi wa Kisarawe, huja na jogoo mmoja akakaa miezi miwili,
na mjomba ambaye hadi leo sijajua ni mjomba wa nani,
ila madeni yake nayajua.
Hakuna aliyeniuliza. Mahari ilipokelewa,
kadi ikachomekwa,
wote wakawaka kwa pamoja.

Pazi alizimika mwaka juzi, wakati wa masika,
hospitali ya Temeke, katikati ya sentensi.
Alikuwa anasema, "Ule waya wa—"
Niliyemchagua hayuko hewani.
Waliobaki ndio hao wengine.

Jana umeme ulirudi saa saba za usiku.
Nikaamka kuzima taa,
nikamkuta Bi Mwanamvua sebuleni,
kanga mabegani, miguu juu ya stuli,
mbele ya yule mkata miti wa theluji.
Sauti ameizima, asituamshe.
Mwanga mweupe unampanda na kumshuka usoni.

Kumbe humtazama kila usiku. Tangu msiba.

Bila kugeuka, akapapasa kochi upande wake.
"Kaa hapa, mwanangu," akasema.
"Leo ameanza kuezeka."